Miguu Mitatu juu ya Mchanga wa Maziwe

Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliniomba jambo moja tu katika umri wake wote, nami nikalifanya vibaya. Aliniomba nimpige picha akiwa amesimama Maziwe. Picha niliipiga, na mpaka leo imetundikwa ukumbini mwa nyumba yake kule Pangani. Lakini anayeitazama huona mtu mwenye mabega manne, na nyuma yake nchi kavu iliyochorwa mara mbili. Haya ninayoyaandika ni habari za kosa hilo, na za miguu mitatu ya kusimamishia kamera ambayo niliitafuta baadaye, wakati yule aliyenifanya niitafute hayupo tena.

Kwa wasiokijua, Maziwe ni kisiwa kilichoko kusini-mashariki ya Pangani, mwendo wa kilomita chache baharini. Zamani kilikuwa kisiwa kamili, kina mivinje iliyoonekana kutoka mbali, na kasa wakipanda kutaga katika mchanga wake. Kisha bahari ikaanza kukila. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1970 mivinje ilikuwa imekwisha kuanguka, na kilichobaki ni fungu la mchanga katikati ya matumbawe. Maji yakijaa hulifunika, yakipwa hulifunua. Kasa hawajaambiwa kwamba kisiwa kimekufa. Bado hupanda kutaga, na wahifadhi huyachukua mayai yao wakayafukia upya katika pwani ya Ushongo, yasije yakazama.

Mjomba alikuwa mvuvi. Katika ujana wake yeye na wenzake walikuwa wakilala Maziwe chini ya mivinje. Wajukuu zake walipomsikia akisimulia habari za miti katikati ya bahari, walicheka kwa adabu, kama watoto wanavyocheka wakisimuliwa ngano. Ndipo siku moja aliponiambia: "Mpwa wangu, wewe unayo ile kamera kubwa. Nipige nikiwa nimesimama pale ulipokuwa mvinje wetu. Hao watoto, kama mti hawakuuona, waone japo mahali."

Ile kamera kubwa aliyoitaja ni kamera ya mbao, ya namna ya kale. Mbele ina lenzi, nyuma ina kioo cha ukungu, na katikati una mvukuto wa ngozi unaokunjuka kama ule wa mhunzi. Mpigaji hujifunika kitambaa cheusi, akaiona dunia juu ya kioo kichwa chini miguu juu, akaisawazisha, kisha akatia filamu moja ya inchi 4 kwa 5, akapiga picha moja. Uzuri wa filamu hiyo ni ukubwa wake, kwani huonyesha hata nyuzi za kofia ya mtu. Ubaya wake ni huo huo, kwani hata mtikisiko wa unene wa uzi hauwezi kuufichia.

Kamera kama hiyo haishikwi kwa mkono. Yangu, pamoja na lenzi, ina uzito wa kilo 3. Na ili mtu aliye karibu na ufuko ulio mbali vyote vitoke wazi, tundu la lenzi hufinywa likawa dogo sana. Nuru huingia kwa uchache, na muda wa kupiga hurefuka ukawa robo ya sekunde, au nusu, hata sekunde nzima siku ya mawingu. Katika muda huo lenzi haina la kufanya ila kungoja. Kazi yote ni ya stendi.

Stendi niliyokuwa nayo wakati huo niliipendea wepesi wake. Ilikuwa ya alumini, miguu yake ikivutwa kwa vipande vinne, kila kipande chembamba kuliko cha juu yake, hata cha mwisho kikawa kama kidole. Katikati ulikuwa na mhimili wa kupandishwa, na juu yake kichwa chenye gololi ndani: ukilegeza skrubu moja kamera huelekea utakako. Dukani ilinipendeza mno. Ilisimama juu ya sakafu ya saruji, ndani ya chumba kisicho na upepo, nami nikaipima kwa mizani ya sakafu hiyo.

Tuliondoka Pangani siku ya bamvua, kwa kuwa ndipo maji hupwa sana, na katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa kati ya asubuhi, yapata saa nne. Ulikuwa mwezi wa Agosti, upepo wa kusi bado una nguvu. Tulipolikuta fungu limefunuka, mjomba hakusimama ovyo. Alitazama nchi kavu, akaenda hatua kadhaa kaskazini, akarudi, akasogea mashariki, akatazama tena. Alikuwa akilinganisha alama, kama wavuvi wafanyavyo wanapoutafuta mwamba wao wa kuvulia: kitu hiki cha mbali kikae nyuma ya kile cha karibu, na upande wa pili hivyo hivyo, mpaka mistari miwili ikutane chini ya mtu. Alipofika alikita fimbo yake. "Hapa," akasema.

Sikumuuliza alama zake ni zipi. Alama ni siri ya mvuvi, na isitoshe niliona hakuna haja: zitakuwamo ndani ya picha, nyuma yake, wazi kama mchana.

Basi nikaikosea mara tatu. Kwanza, niliikita ile miguu myembamba katika mchanga ulioloa, nayo ikawa inazama polepole, kila mmoja kwa kiasi chake. Pili, mjomba alikuwa mrefu, nami nikaupandisha mhimili wa katikati, hivyo kamera ikawa imesimama juu ya mguu mmoja badala ya mitatu. Tatu, nilipoilegeza gololi ili niirekebishe, kamera nzima iliinama mbele kwa uzito wake, nikaikaza kwa haraka huku maji yamekwisha kugeuka. Upepo ukajaa katika mvukuto kama unavyojaa tangani. Nilipiga filamu mbili, nusu sekunde kila moja. Nilipozisafisha, zote mbili zilikuwa zimetikisika. Mjomba yumo na hayumo, na nchi kavu ni utepe wa kijivu usio na mlima wala mnazi.

Nilimwambia tutarudi. Akanijibu, "Bamvua hazina haraka." Masika yaliyofuata aliugua, na kabla mvua hazijakatika tulimzika.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza lile nililopaswa kulijua kwanza. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, na kila jiko la mawe lina mafiga matatu, si manne. Sababu yake ni kwamba vitu vitatu hukaa juu ya ardhi yoyote, hata iwe na mashimo. Cha nne ndicho kinachotafuta pa kukanyaga na kukosa, kama kiti kinachotikisika barazani. Washairi wa tarbia wasinikasirikie, lakini katika kazi hii tathlitha imeshinda.

Ama kuhusu kitu cha kutengenezea hiyo miguu, nilikipima kwa njia nyepesi ambayo yeyote anaweza kuifuata. Nilibandika kipande cha kioo juu ya kamera, jua likapiga hapo, na doa la mwanga likaangukia ukuta wa mbali. Mtikisiko usioonekana kwa jicho huonekana ukutani, kwa kuwa umbali huukuza. Nikaugusa mguu wa stendi kwa kidole. Juu ya ile alumini doa lilicheza, likaendelea kucheza, kama debe linavyoendelea kulia baada ya kupigwa. Juu ya stendi ya mbao nzito niliyoazima, liliruka mara moja likatulia. Mbao humeza mtikisiko. Ndiyo sababu mafundi wengine wa Ulaya na Marekani wanaendelea kutengeneza stendi za mbao kwa ajili ya kamera kubwa, hata baada ya kuja stendi za kaboni ambazo ni nyepesi, ngumu na hazishiki kutu. Kaboni ni nzuri kwa anayepanda Usambara kwa miguu. Lakini bei yake si ya mfuko wangu, na wepesi wake juu ya fungu la mchanga hutaka kutundikiwa mfuko wa mawe ndipo usimame.

Mwisho nilichokihitaji nilikipata Tanga, kwa mzee mmoja mstaafu wa kazi ya upimaji wa ardhi. Wapimaji ndio walimu wa miguu mitatu katika nchi hii. Kabla ya reli kuanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ilibidi mtu atangulie na chombo chake cha kupimia. Mzee alikuwa na miguu ya mbao iliyokwisha kustaafu pamoja naye: minene, kila mmoja ukivutwa kipande kimoja tu, na mwishoni una ncha ya chuma yenye pedali ya kukanyagia ili uingie ardhini. Haina mhimili wa katikati. Ina uzito wa kilo 6. Tatizo lilikuwa skrubu: ya wapimaji ni ya inchi 5/8, na ya kamera kubwa ni ya 3/8. Fundi mmoja wa Ngamiani alinichongea kipande cha shaba cha kuziunganisha, kwa kuwa shaba hugeuka rangi kwa chumvi lakini hailiki na kutu kama chuma.

Kichwa nacho nilikibadili. Niliiacha gololi, nikachukua kichwa cha mikono mitatu: mmoja hugeuza kulia na kushoto, wa pili huinamisha mbele na nyuma, wa tatu hulaza ubavuni. Ukilegeza mmoja, wawili wengine wameshika. Kamera haikuangukii mikononi. Nilikichagua kifupi na kipana, kwani kila kinachoinuka juu ya miguu huwa ni mlingoti wa kutikiswa na upepo.

Nilikwenda kukijaribu Tongoni, kusini ya Tanga kwenye njia ya Pangani, palipo na magofu ya msikiti na makaburi ya kale zaidi ya 40. Nguzo nyingi za makaburi hayo zimekwisha kuanguka, na huko nilijifunza kazi ya kichwa hasa ni nini. Kamera ikilala upande kidogo tu, nguzo iliyonyooka hutoka imeinama. Na ukiiinua macho juu ili upate kilele, kuta zote huonekana zinaanguka nyuma. Anayeitazama picha hatajua kilichoinama ni kaburi au ni mpigaji. Kwa hiyo niliweka pimamaji juu ya kichwa, nikaning'iniza timazi mbele ya macho yangu, nikaisawazisha kamera kwanza. Na kilele nikakitafuta kwa kuupandisha ubao wa lenzi, bila kuiinamisha kamera. Kilichotoka kimeinama katika picha ile, kimeinama kweli.

Mwaka uliofuata, siku ya bamvua ya Agosti, nilirudi Maziwe. Mjukuu wake mkubwa, mmoja wa wale waliocheka, aliibeba miguu begani. Chini ya kila ncha niliweka kibao kilichotobolewa katikati, nikakanyaga pedali mpaka mchanga ukakataa, nikasubiri dakika kumi ardhi ikae. Upepo ulikuwa ule ule. Kamera haikutikisika.

"Mvinje ulikuwa wapi?" kijana akaniuliza.

Nilikuwa nimechukua ile picha ya kwanza ili initambulishe mahali. Niliishika mbele ya macho, nikatazama nchi kavu, nikaenda kaskazini, nikarudi, nikasogea mashariki. Hakikulingana kitu na kitu. Zile alama mbili alizozibeba kichwani kwa umri mzima zilikuwamo katika karatasi ile, na mimi ndiye niliyezifuta kwa nusu sekunde. "Hapa hapa," nikamwambia, nikionyesha mchanga wote. Kijana aliitika kwa adabu.

Picha ya pili ilitoka safi. Vilima vinahesabika, minazi inahesabika, na juu ya mchanga nyayo za ndege zinaonekana moja moja. Niliipeleka Pangani kwa mkaza mjomba. Alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu, karibu na dirisha.

"Mjomba wako yumo?"

"Hayumo, mama."

Akanirudishia. "Basi hii ni yako, mwanangu. Yetu ni ile."