Mgeni na Meza ya Kamari

Katika misitu ya Connecticut, Marekani, limesimama jumba la Foxwoods. Wapequot wa Mashantucket walianza hapo na mchezo wa bingo mwaka wa 1986. Kasino ikafunguliwa mwaka wa 1992. Nilikwenda kutazama, wala si kucheza, nami niliona kuwa mgeni hanyimwi kitu: malazi, vyakula, nyimbo, maduka, na taa zisizozimwa usiku wala mchana.

Gurudumu la ruleti la Kimarekani lina nafasi 38. Abahatishaye namba moja akashinda hulipwa 35 kwa moja. Haki ingekuwa 37. Katika tofauti hiyo ndogo ndimo mwenye jumba apatamo riziki yake.

Chumba cha poka kina desturi nyingine. Humo mwenye jumba hashindani na mgeni. Huweka meza na mgawa karata, kisha hukata sehemu ndogo ya fungu linaloshindaniwa, au hutoza kwa saa. Wageni hulana wenyewe kwa wenyewe. Poka husifiwa kuwa mchezo wa akili, na sifa hiyo ni kweli. Lakini akili ya mmoja hushiba kwa upungufu wa mwenziwe.

Siwalaumu Wapequot, waliosalia wachache baada ya vita vya 1637. Mapato ya kamari yaliwajengea makumbusho ya historia yao, yaliyofunguliwa mwaka wa 1998. Lakini mgeni na ajue anunuacho: aliyeliwa na ruleti hulaumu gurudumu, mezani pa poka, mla na mliwa hutazamana usoni.