Bei ya Karatasi

Nilipoanza kupiga picha Kitahana, wilayani Kibondo, hesabu yote ya kazi ilikuwa ndani ya mkanda. Mkanda mmoja ulitoa picha 36. Ukiuingiza kwenye kamera kwa mkono mwepesi ulipata 37, wakati mwingine 38, na hizo za ziada ndizo zilizokuwa chai na nauli.

Mteja alilipa nusu siku ya kupigwa na nusu siku ya kuchukua. Ile nusu ya kwanza watu waliidhania faida, kumbe ilikuwa ya mkanda na ya kusafisha. Picha za rangi zilihitaji mashine, na mashine ilikuwa mjini. Mkanda ulikabidhiwa konda wa basi ukiwa umefungwa kwenye nailoni, ukashuka hadi Kigoma kwa barabara ya vumbi, na masika hakuna aliyethubutu kutaja siku ya kurudi. Kabla ya hapo ilibidi ujae. Aliyepigwa mwanzo wa mkanda alingoja hadi wenzake wamalize nafasi zilizobaki, ndiyo maana tulizunguka na baiskeli kutafuta ubatizo, kipaimara na mahafali. Msimu wa kuuza maharage mkanda ulijaa siku moja. Miezi ya njaa ulikaa ndani ya kamera mpaka mteja akaanza kukuita tapeli.

Picha zisizochukuliwa ndizo zilizotuumiza. Mtu amehama, amefiwa, au ameiona sura yake akaikataa. Gharama umeshalipa, na picha ya mtu huwezi kumuuzia mwingine.

Kilichopanua kazi Kibondo na Kasulu ni kambi za wakimbizi. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Burundi, Oktoba 1993, watu walivuka mpaka kwa wingi. Mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Mashirika yalipanga nyumba mjini, wafanyakazi wakawa na mishahara, na mwenye mshahara hupenda kuonekana amevaa vizuri. Kuingia kambini kulitaka kibali, kwa hiyo wengi wetu tuliishia nje. Ndani walikuwamo wapigapicha wakimbizi wenyewe, na baadhi yao walikuwa na ujuzi wa studio uliotuzidi.

Kodak ilipokwenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi, Januari 2012, huku kwetu kadi ya kumbukumbu ilishachukua nafasi ya mkanda. Nawasikia wenzangu wakiulilia. Mimi siulilii: sehemu kubwa ya jasho langu ilibaki kwa mwenye mashine ya kusafishia. Ila mkanda ulikuwa na jambo moja la heshima. Kila mtu alijua kwamba kubonyeza ni pesa.

Simu za kamera zilipoenea vijijini, picha ya kumbukumbu ilikufa kama biashara. Iliyobaki ni pasipoti saizi. Hata hiyo serikali imeimega: NIDA, wa vitambulisho vya taifa, wanakupiga wenyewe, na daftari la wapiga kura la 2015 lilikuja na mashine zake. Lakini fomu za shule, za kazi na za mikopo ya vikundi bado zinataka picha za kubandika, na kibanda chenye printa hakikosi mtu Januari, shule zinapofunguliwa. Umeme wa gridi ya Taifa ulipofika mwaka 2022 ulinipunguzia mafuta ya jenereta. Wino haukushuka bei.

Fedha yenyewe sasa iko kwenye harusi, na huko ndiko kwenye mabishano. Mwenyekiti mmoja wa kamati aliniambia, "Kijana, si unabonyeza tu? Mkanda siku hizi hununui."

"Kweli, mzee wangu," nikamjibu. "Ila kamera nimenunua, kompyuta nimenunua, na kuchagua na kusafisha hizo picha kutanichukua wiki."

Akacheka, akapunguza bajeti vilevile.

Siku hizi sipokei harusi bila kianzio, na nakala laini hazitoki kabla salio halijaingia M-Pesa. Tena nimeweka albamu ndani ya bei. Kamati huishika, huipima uzito, huhesabu kurasa, kisha hukubali kiasi kilekile walichokuwa wakikikataa. Kati ya gharama zangu zote, albamu ndiyo ndogo kabisa.