Maji Hayapozi, Yanabeba: Nilivyochagua Vipuri vya Kompyuta Yangu ya Kwanza ya Maji

Wasee, nianze na aibu yangu. Mwezi wa tatu, saa tisa mchana, laptopu yangu ilijizima ikiwa imebakisha dakika nne tu imalize kutoa video ya harusi. Nikaiwasha, ikajizima tena. Bwana harusi alikuwa anaingoja jioni ile ile. Aliipata baada ya siku tatu na akanilipa nusu. Sikubishana naye. Chumba changu kina paa la mabati, na Masalani mwezi wa tatu, feni yenyewe inakupulizia moto.

Hapo ndipo nikaamua: naunda kompyuta ya mezani, tena ile ya kupozwa kwa maji, niifunge mwenyewe kipuri kwa kipuri. Nilikuwa na 230,000, akiba ya miaka miwili ya harusi na mahafali. Hooyo ndiye aliyekuwa ameshika hizo pesa. Hakuniuliza kompyuta ni ya nini. Aliniuliza tu, "Karo ya dadako ya muhula wa tatu itatoka wapi?" Nikamwambia itatoka kwa hiyo mashine. Baada ya kusema hivyo, hii haikuwa tena stori ya taa za rangi.

Lakini orodha yangu ya kwanza bado ilikuwa ya taa za rangi. Prosesa: Core i9-14900K. Kadi ya picha: RTX 3090 ya mtumba. Mirija migumu ya kung'aa, iliyokunjwa kama kwenye video za Wamarekani. Nikampelekea abti yangu aione. Abti ni fundi wa zile pampu za mashamba ya kando ya Mto Tana. Kompyuta hajui, rejeta anaijua.

Nikamweleza: bloku ya shaba inakaa juu ya prosesa, maji yanapita ndani yake yanachukua joto, pampu inayasukuma hadi kwa rejeta, feni zinapuliza, maji yanarudi. Akacheka. "Hiyo ni injini. Sasa sikiza: maji hayapozi kitu, maji yanabeba tu. Yanapeleka hilo joto wapi?"

Nikasema, chumbani.

"Na chumba kina joto kiasi gani?"

Manze, nilinyamaza.

Wengi wetu tunadhani maji ni baridi, kwa hivyo kompyuta ya maji ni baridi. Tunaufikiria mtungi wa ayeyo. Lakini mtungi unatoa jasho: maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka kwa upepo, yanaondoka na joto, ndiyo maana ya ndani yanakuwa baridi kuliko hewa ya nje. Mzunguko wa kompyuta umefungwa, hautoi jasho. Chumba kikiwa nyuzi 37, maji yako hayawezi kushuka chini ya 37 hata ununue rejeta ya dhahabu. Yule wa kwenye video anaanzia 21. Sisi tunaanza tukiwa nyuzi 16 nyuma yake.

Nikapiga hesabu. Hiyo i9 ikibanwa inafika wati 253, na 3090 inakula wati 350. Jumla 603. Hiyo ni zaidi ya nusu ya pasi ya umeme, imewashwa chumbani mchana kutwa, chini ya mabati. Kila wati inayoingia kwa waya inatoka kama joto, na mimi ndiye nimeketi hapo. Na stima ikipotea, ile UPS ndogo niliyokuwa nayo ingezima papo hapo, kwa sababu haiwezi kubeba mzigo kama huo.

Kwa hivyo nikaigeuza orodha, nikaanza mwisho. Kwanza rejeta: milimita 360, yaani feni tatu za 120. Kuna kanuni ya kienyeji ya waundaji kwamba nafasi ya feni moja ya 120 ibebe kama wati 100. Kwa joto la kwetu, nikasema nikae chini ya hapo. Ndipo nikachagua Ryzen 7 7700, ambayo imepimwa kwa wati 65 ingawa ikibanwa inapanda hadi 88 hivi, na RTX 3060 ya wati 170. Video ya harusi haihitaji zaidi.

Mengine niliyojifunza, yachukueni bure:

Bloku ya kadi ya picha lazima ilingane na kadi yenyewe, modeli kwa modeli. Tafuta bloku kwanza, kadi baadaye. Mimi nilikaribia kununua kadi ambayo bloku yake haipatikani.

Usichanganye shaba na alumini kwenye mzunguko mmoja. Zikikutana ndani ya maji, alumini inaliwa taratibu. Rejeta za bei ya chini sana mara nyingi ni alumini, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa.

Maji ya mto au ya kisima, hapana. Kila dereva wa hapa ameshaona rejeta iliyoziba kwa chumvi na matope. Mimi nimetumia kulanti ya kompyuta.

Mirija migumu niliiacha, nikachukua mipira laini. Ukikosea kuukata mpira, unakata tena. Ukivunja mrija, unangoja mzigo kutoka Nairobi. Na mnakumbuka mwishoni mwa 2023, mafuriko yalipokata barabara ya Garissa. Fitingi ya ziada, mpira wa ziada na chupa ya pili ya kulanti ni sehemu ya kompyuta ukiishi Masalani.

Vumbi nalo: chujio mbele ya kila feni inayovuta hewa, na brashi kila Ijumaa asubuhi.

Siku ya kujaza maji, niliwasha pampu peke yake, nikatandika tishu chini ya kila kiungo, nikaacha saa 24. Sikulala. Kiungo kimoja kilitoa tone, nikakikaza. Tone moja, bila stima kwenye bodi. Alhamdulillahi.

Sasa ukweli ambao labda hamtaupenda: kwa vipuri hivi, feni za kawaida zingetosha na ningeokoa pesa. Mimi nililipia kimya. Narekodi sauti chumba hicho hicho, na rejeta kubwa inaniruhusu kuzungusha feni polepole hata mashine ikiwa kazini. Kama wewe hurekodi, nunua feni nzuri, hiyo pesa nyingine mpe hooyo.

Jana saa tisa mchana nilikuwa natoa video ya harusi. Chumba 37, maji 47, prosesa 72. Haikujizima. Karo bado haijatimia, zimebaki harusi tatu. Dadangu huchungulia mlangoni kila jioni, ananiuliza, "Imefika ngapi?" Hata sijui kama anauliza joto au pesa.