Jibu Lililochelewa Njiani

Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, tulikuwa tukifundisha dini Nyaramba, kwenye vilima vya chai vya Nyamira. Intaneti ilipitia waya wa simu. Modemu bora kabisa haikuzidi kilobiti 56 kwa sekunde, nasi hatukupata hata nusu yake.

Mjane mmoja wa Mombasa alituuliza kwa barua pepe eda yake itaisha lini. Kila tulipotuma jibu, mtu wa chumba cha pili aliinua simu, mawasiliano yakakatika. Ndipo tukajifunza. Tuliondoa waya mrefu wa kuungia, tukachomeka modemu moja kwa moja ukutani. Tukazima picha. Tukaandika barua kwanza, kisha tukaunganisha usiku, watu wamelala.

Jibu likafika: miezi minne na siku kumi tangu mumewe kufariki, maadamu si mjamzito. Akatuarifu kwamba alikwisha kuzidisha siku tisa ndani, akichelea kukosea.

Leo mtandao una kasi, na maswali ya mama zetu yamejaa simuni mwetu hayajajibiwa. Safari hii hatuna waya wa kusingizia.