Kiyoyozi Chenye Warithi Watano

Yapo mambo ambayo watu huyahesabu kuwa ya gereji, kumbe ni ya kikao cha familia. Mojawapo ni hili la kung'oa kiyoyozi katika gari la mwendo kasi ili liwe jepesi. Nyumbani kwetu Ifakara suala hilo lilizuka juu ya Subaru Impreza yenye turbo aliyoiacha marehemu baba yetu, mfanyabiashara wa mchele. Mdogo wangu, ambaye moyo wake umezama katika mashindano ya magari, alitamani kuiandaa kwa ajili ya Mkwawa Rally ya Iringa, na fundi akamshauri aanze na kiyoyozi.

Kwa kumtendea haki, hakuzungumza upuuzi. Magari ya mashindano hutolewa kila kisichosaidia mwendo. Dereva huambulia tundu la hewa juu ya paa na kuvumilia joto. Tena Impreza ndiyo iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka 1997, na kijana mwenye gari la jina hilo hujiona ana fungu katika ushindi ule.

Lakini tuutazame mzani. Mfumo mzima, yaani kompresa, kondensa iliyo mbele ya rejeta, ivaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi na mabomba yake, una kilo 15 hadi 25, karibu sawa na debe la mchele wetu. Gari lenyewe lina kilo 1,300 hivi. Na ile nguvu ya injini inayodaiwa kuliwa na kiyoyozi huliwa pale tu kinapowashwa. Ukikizima, klachi ya kompresa huachia na puli huzunguka bure. Faida ipo, ila huihisi yule anayeshindania sekunde.

Hasara nayo ina wenyewe. Bonde la Kilombero limelala chini, kati ya Udzungwa na milima ya Mahenge, na joto lake ni zito lenye unyevunyevu. Mama yetu, mwenye shinikizo la damu, hupelekwa kliniki kwa gari hilohilo. Kiangazi ukifungua vioo unakaribisha vumbi. Masika unakaribisha mvua. Isitoshe, kiyoyozi hukausha hewa na kuondoa ukungu katika kioo cha mbele. Asiyenacho huendesha usiku wa mvua akiwa na kitambaa mkononi.

Lipo pia la gesi. Fundi alikuwa tayari kulegeza nati na kuiachia itoke. Gesi iitwayo R134a huchangia joto la dunia mara 1,430 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule, na ndiyo maana mataifa yaliyokutana Kigali Oktoba 2016 yalikubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Ikimrukia mtu, huweza kumwunguza ngozi na macho kwa baridi yake. Inapasa ivutwe kwa mashine na kuhifadhiwa.

Hata hivyo, jambo lililonifanya niitishe kikao lilikuwa jingine: mirathi ilikuwa haijagawanywa. Baba hakuacha deni wala wasia, na wazazi wake walimtangulia. Warithi ni mama, sisi wana wawili na dada zetu wawili. Mama ana thumni. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Gari likigawanywa mafungu 48, mama ana 6, mimi na mdogo wangu tuna 14 kila mmoja, na kila dada ana 7. Mwenye 14 katika 48 hajafikia hata theluthi. Hawezi kung'oa kitu cha wote bila idhini ya wenzake, ijapokuwa yeye ndiye mwenye kuliendesha kila siku.

Tulikutana baada ya Isha. Mdogo wangu alieleza hoja zake kwa adabu. Dada mkubwa akasema joto atalivumilia, lakini bei ya gari itashuka na fungu lake litashuka nalo. Mama alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Wanangu, baba yenu alinipakia kwenye baiskeli miaka mingi, na jua lilikuwa hilihili. Upepo si haja yangu. Haja yangu ni kuulizwa."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa, akamwomba radhi.

Tuliafikiana mafundi wawili walithamini gari kama lilivyo. Baada ya kuuza mpunga wake, atatununulia mafungu yetu, na hadi hapo hakuna nati itakayoguswa. Niliyaandika makubaliano, wote wakatia saini, mama akaweka dole gumba. Nilimwongezea nasaha: katika injini ya aina ile kompresa ina mkanda wake peke yake, hivyo ajaribu kwanza kuutoa huo tu. Akishindwa kuridhika, basi gesi ivutwe, midomo ya mabomba izibwe unyevu usiingie, na vifaa vyote vitunzwe sanduku moja.

Ndugu msomaji, mali ya marehemu mara nyingi haiporwi kwa siku moja. Hunyofolewa: leo redio, kesho tairi, keshokutwa kiyoyozi, na kila mnyofoaji husema amechukua kidogo tu. Mwenye gari, shamba au hata cherehani ya marehemu ndani ya nyumba, na ahesabu mafungu kwanza, kisha ndipo amwite fundi.