Tumbili Anapopiga Kelele, Zima Injini
Wageni hufika Mbuga ya Ziwa Nakuru na darubini shingoni wakidhani chui hutafutwa kwa macho. Sisi madereva wa watalii hutangulia na masikio, na kila siku kuna kitu kinayaziba.

Tumbili akimwona chui hubweka kwa mkato, wenzake wakapanda miti. Tai ana mlio wake, nyoka naye wake. Watafiti Seyfarth, Cheney na Marler walilithibitisha jambo hilo kule Amboseli, wakalichapisha 1980, baada ya kuwapigia tumbili milio ya kurekodiwa bila adui kuwapo. Kwa hiyo mlio unakwambia ni nani. Alipo, hapo kuna kazi, kwa maana anayelia si chui.

Kwetu usukani uko kulia. Vioo vya kushoto vikifungwa kwa ajili ya vumbi, sauti zote huingilia dirishani kwangu, hata ya tumbili aliye kushoto. Ubongo hujua upande kwa jinsi sauti inavyotangulia kufika sikio moja, kwa muda usiotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndani ya bati hesabu hiyo huvurugika. Basi nazima injini, nafungua vioo vyote, nasimama kichwa nje ya paa. Kushuka ni marufuku.

Upande ukipatikana, bado kimo. Kulia na kushoto sikio halina shida; juu na chini hubabaisha, na mgunga ni mrefu. Ndipo naita macho, lakini namtafuta tumbili kwanza, kisha naangalia uso wake umeelekea wapi.

Juzi, barabara ya Makalia, nilikuwa na familia kutoka Eldoret.

"Dereva, mbona tumesimama? Hapa hakuna kitu."

"Mama, nipe dakika moja tu."

Tumbili wote walikuwa wamekikodolea macho kichaka kimoja. Mwenzangu aliyekuwa nyuma yetu akatangaza kwenye redio. Tangu ziwa lifurike na kumeza lango kuu la zamani na barabara za ufukweni, magari yamebanana kwenye njia zilizobaki, kwa hiyo yakatufikia upesi, dizeli zikinguruma. Tukawa tunaona midomo ya tumbili ikifunguka, mlio hatuusikii. Nyasi zikatikisika, basi.

Baba yao akaniuliza kama hakuna programu ya simu ya kuonyesha chui alipo.

"Redio ndiyo hiyo, mzee. Imeshamfukuza."