Supu ya Paris na Supu ya Mkwajuni

Msafiri atokaye Mbalizi akashika njia ya Galula huiacha baridi ya Mbeya nyuma yake, akateremka katika joto la bonde la Rukwa, hata akafika Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe iliyokatwa katika Chunya mwaka 2016. Nchi hii ni ya dhahabu, na penye wachimbaji hapakosi migahawa ya supu. Niliingia katika mmoja asubuhi, nikaagiza supu ya kuku, na bakuli lile likanikumbusha Paris.

Usicheke, ndugu msomaji. Neno "restaurant", ambalo leo ni jina la nyumba za fahari, katika Paris ya karne ya 18 lilikuwa jina la mchuzi wa kurudisha nguvu, ulioandaliwa kwa wanyonge na waliochoka. Basi mchimbaji wa Mkwajuni anywaye supu yake alfajiri yu karibu na asili ya jambo hilo kuliko tajiri aliyevaa tai.

Paris nilialikwa na rafiki katika mgahawa wa ghali. Uma zilipangwa kushoto na visu kulia, navyo hutumiwa kuanzia vya nje kwenda ndani, kila chakula na chombo chake. Vyakula havikuja pamoja kama katika sinia letu, bali kimoja kimoja. Wafaransa wenyewe zamani waliandaa vyote pamoja mezani. Utaratibu huu wa sasa waliupokea kwa Warusi katika karne ya 19. Kwa haki nasema, ni mafundi. Mkate wao peke yake, wenye gamba la kuvunjika na moyo laini, ungalinitosha.

Taabu ya kwanza ilikuwa mkono. Kwao kisu hushikwa kwa kulia, na tonge huletwa kinywani kwa uma wa kushoto. Mimi nilikata kwanza, nikaweka kisu chini, kisha nikauhamisha uma mkono wa kuume. Hakuna aliyejali ila mimi, niliyedhani nyumba nzima yanitazama.

Taabu ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Nilichagua samaki ili niepukane na swali la kuchinja, naye akaja amefunikwa na mchuzi wa kung'aa. Umetiwa nini? Niliona haya kuuliza. Rafiki ndiye mlipaji, na bei ya sahani ile ingalilisha nyumba yangu juma zima. Nilikaa na uma mkononi kitambo, mwisho nikauliza. Mtumishi akajibu kwa adabu kwamba divai nyeupe imo, lakini moto umekwisha kuondoa kileo chote.

Maneno haya vijana wetu walioko Ulaya huambiwa mara nyingi, na wako wanaoyasadiki. Vipimo vilivyofanywa Marekani vimeonyesha kwamba chakula kilichotokota robo saa hubakiwa na yapata sehemu 40 katika 100 za kileo kilichotiwa, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki sehemu 5. Nikaomba radhi, nikairudisha sahani. Wakaniletea samaki mwingine wa siagi na limau, bila ya kukunja uso. Rafiki yangu akasema, "Lau ungalisema tangu mwanzo, usingalipoa chakula." (Na asiyetaka kuuliza lolote, Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926, una mgahawa wake, wenye kuskusi na chai ya nanaa.)

Sasa turudi Mkwajuni. Bakuli lilikuwa mbele yangu, na mama mwenye mgahawa alikuwa na msalaba shingoni. Haya ile ile ikanishika: nitamwulizaje mwenyeji wangu ni nani aliyemchinja kuku wake? Nikakorogakoroga supu.

"Kula bila wasiwasi, baba," akasema. "Kuku wangu wote huchinjwa na mzee wa msikitini, na nguruwe haingii katika sufuria zangu. Hapa hula watu wote."

"Umejuaje kuwa nataka kuuliza?"

"Kofia nimeiona. Na kijiko chako, baba, chaogelea tu, hakipandi."

Nikacheka, nikasema bismillahi, nikamwomba ndimu. Akaileta, pamoja na gilasi ya maji ya ukwaju ambayo sikuiagiza.